Nikiandika Kiingereza, bado ni mimi?

Kila muhula mpya unapoanza hapa Kigali, darasa langu la Kiingereza cha kitaaluma hupokea vijana kutoka Goma, Bukavu, Bujumbura, Juba na, tangu vita vya Sudan vianze mwaka 2023, Khartoum. Wanakuja na vyeti vizuri na sauti ndogo. Haya ndiyo maswali wanayoniuliza mara nyingi, tena mlangoni, wenzao wakishaondoka.

Mwalimu, kule Goma nilikuwa wa kwanza darasani. Hapa hata mkono sinyanyui. Nimekuwa mjinga?

Hapana, mwanangu. Akili uliyovuka nayo mpaka wa Gisenyi ni ileile, kilichopungua ni kasi. Mhadhiri akiuliza, swali unalisikia kwa Kiingereza, unalipeleka kwenye Kifaransa ulichosomea, unapitia Kiswahili cha nyumbani, ndipo urudi na jibu. Mwenzako wa Kampala ameshajibu na darasa limesonga mbele. Ukinyamaza wiki tatu, wenzako wanakuzoea kuwa mtu wa kimya, na wewe mwenyewe unaanza kuamini hivyo. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko makosa ya sarufi. Bonny Norton, aliyefuatilia maisha ya wanawake wahamiaji nchini Canada, alionyesha kwamba mtu anaweza kuitaka lugha kwa moyo wote na bado akanyamaza, kwa sababu pale alipo hahesabiwi kuwa mwenye haki ya kusema. Basi andaa swali moja usiku, liandike, ulitoe mapema kipindi kinapoanza.

Lakini Rwanda tuliijua kwa Kifaransa. Hiki Kiingereza kimetoka wapi?

Oktoba 2008 Baraza la Mawaziri liliamua kiwe lugha ya kufundishia, na shule zikaanza mwaka 2009. Walimu waliosomea Kifaransa wakajikuta wakifundisha kwa lugha ambayo wao wenyewe bado wanajifunza. Hata kabla ya hapo, baada ya 1994, Chuo Kikuu cha Taifa kule Butare, leo Huye, kilikuwa na Wanyarwanda waliorudi kutoka Uganda na Kiingereza chao na waliorudi kutoka Burundi na Zaire na Kifaransa chao, wote ukumbi mmoja. Mhadhiri wako Mnyarwanda wa makamo huenda naye alibadilishiwa lugha katikati ya safari. Muulize ilikuwaje.

Nilizoea kuandika "sisi". Hapa naambiwa niandike "mimi nadai". Najiona nina kiburi.

Swali hili ningeweza kulijibu siku nzima. Mwanafunzi mmoja wa Bukavu aliniletea insha ya kurasa nne kuhusu gesi ya Ziwa Kivu. Ilianza na historia ya ziwa, ikaja hoja ya upande mmoja, ikafuata ya upande wa pili, kama insha ya Kifaransa inavyotaka. Lile alilotaka kusema, kwamba wavuvi waulizwe kabla ya mitambo kuongezwa, lilikuwa ukurasa wa nne, sentensi ya tatu kutoka mwisho. Pembeni mwa ukurasa wa kwanza mhadhiri alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: hoja iko wapi? Kijana wa watu alidhani anaambiwa hana hoja. Tukaichukua ile sentensi, tukaihamishia aya ya kwanza. Akaisoma kimya, kisha akasema, "Mwalimu, hii ni kama kuingia nyumba ya watu na kuomba chakula kabla ya salamu."

Alisema kweli. Kwetu mtu hupiga hodi, huulizia afya ya watoto, ndipo ataje shida iliyomleta. Uandishi wa Kiingereza chuoni hutaka shida itajwe mlangoni. Ni desturi ya nyumba ile tu. Haizidi desturi nyingine kwa akili, na ukivua viatu kwa watu hujabadilisha miguu.

Ile "mimi" nayo haina majivuno unayoyafikiria. Inamwambia msomaji nani abebe lawama hoja ikivunjika. Wengi wenu mlikotoka, kurudisha maneno ya profesa kama alivyoyasema ilikuwa heshima. Hapa kuyarudisha bila kumtaja ni wizi, na mtu anaweza kufutiwa mtihani. Msione ni jambo geni. Mswahili akitumia methali husema kwanza "wahenga walisema". Anatenganisha neno lake na neno la aliyemtangulia, na orodha ya marejeo hufanya kazi hiyohiyo.

Je, siisaliti lugha yangu?

Ngũgĩ wa Thiong'o alihangaika na swali hili tangu mkutano wa waandishi pale Makerere mwaka 1962, akaishia kuandika riwaya zake kwa Kikikuyu. Mimi sikubaliani na wanaosema lugha ni chombo tu, kama jembe. Lakini naona usaliti huanza pale mtu anapoacha kabisa kufikiri na kuandika kwa lugha yake. Panga insha yako kwa Kiswahili, bishana nayo kwa Kiswahili, kisha iandike kwa Kiingereza.

Na lafudhi?

Iache ilivyo. Sema polepole, maliza maneno.

Tukikaa Wakongo na Warundi tukiongea Kiswahili, tunaambiwa tunajitenga.

Nendeni mtaa wa Biryogo mkanywe chai ya maziwa, msikilize. Kwa miaka mingi Kiswahili hapa Kigali kilihesabiwa lugha ya Biryogo na Nyamirambo, ya Waislamu na wachuuzi, na kumwita mtu Mswahili hakukuwa kumsifu. Mwaka 2017 kikawa lugha rasmi ya nchi. Hadhi ya lugha hubadilika, basi msione haya. Ninachowaomba ni kuacha kiti kimoja wazi kwa mwenzenu wa Juba au wa Huye, na makala mliyopewa isomwe mezani hapo, si soga peke yake.

Najua pia kwamba kwa vita vinavyoendelea Kivu, kutaja unakotoka kunahitaji moyo. Hakuna mwenye haki ya kukudai maelezo ya siasa za nchi yako ndipo akubali kukaa nawe.

Mimi ni mhadhiri. Nifanye nini?

Usichanganye uzito wa ulimi na uzito wa fikra. Kuanzia 2015 taasisi ya elimu ya juu ya Kepler ilifundisha wakimbizi wa Kongo ndani ya kambi ya Kiziba, wilaya ya Karongi, masomo ya shahada kwa Kiingereza, na walihitimu. Wanaweza. Basi, ndugu yangu, kwenye karatasi ya mwanafunzi weka alama za hoja mahali pake na za lugha mahali pake, ili ajue lipi limemwangusha. Ukiuliza swali darasani, hesabu hadi kumi kabla ya kuchagua mkono. Na siku ya kwanza muulize kila mmoja jina lake linatamkwaje, ulirudie mpaka akubali.