MASHUA HII NI YA MTO GANI?

Leo twende Ireland, kisiwa cha Ulaya kilichoko magharibi ya Uingereza. Ni nchi ya mvua na mito mingi. Katika mito hiyo watu walivua samoni, samaki anayekua baharini, kisha hupanda mtoni kutaga mayai.

Mashua nyingi za wavuvi hao sasa zimelala uani, zinaoza. Mjukuu akikuta mashua ya babu yake, haina jina wala namba, ataijuaje? Asipoijua, ataipasua kuni.

Usianze na rangi, maana rangi hupakwa upya. Kwanza gonga ubavu. Je, ni mbao? Kama ni fito zilizofunikwa kwa ngozi au turubai lenye lami, hiyo ni currach. Kwenye mto Boyne waliisuka ya mviringo kama tenga, wakaivika ngozi ya ng'ombe.

Kama ni mbao, ipindue utazame chini. Mashua ya baharini kwa kawaida ina mkuku, yaani ule mti mrefu unaopita chini toka mbele mpaka nyuma. Mashua hizi za mtoni hazina mkuku. Chini ni bapa kama sinia. Kwa nini? Chombo bapa hakizami sana, basi hupita penye maji machache. Kikikwama topeni hakilali ubavu.

Sasa tazama ncha. Ikiwa nyembamba, imechongoka mbele na nyuma, huenda ni cot (tamka: kot). Katika lugha ya wenyeji huitwa coite. Zamani neno hilo lilikuwa la mtumbwi wa gogo. Mtumbwi mmoja wa mwaloni ulifukuliwa Lurgan mwaka 1901. Urefu wake unapita mita 15, na umri wake miaka 4,000! Uko katika makumbusho ya taifa, Dublin. Mbao zikachukua nafasi ya gogo, jina likabaki.

Cot ni za kusini mashariki: mito ya Slaney, Barrow, Nore na Suir. Katika Barrow, Nore na Suir zilikwenda mbili mbili, na wavu katikati. Kila moja ina watu wawili: huyu ana kafi, yule ameshika kamba ya wavu. Wanateremka na mkondo. Samaki akigonga, mshika kamba anamsikia mkononi, anauinua wavu papo hapo. Kwa hiyo chombo lazima kiwe chepesi, kitii kafi moja.

Je, ni kubwa zaidi, kama mita 7, na nyuma imekatwa bapa? Uliza kama imetoka Limerick. Huenda ni gandelow, ya mlango wa mto Shannon. Huko maji yakipwa huacha tope tupu. Gandelow ilivua samoni, ikabeba na matete.

Samoni walipopungua, serikali ya Ireland ilikataza nyavu za kuelea baharini kuanzia 2007. Mitoni nako uvuvi wa nyavu ulibanwa sana. Kazi ikipungua, mafundi nao hupungua, na wengi waliunda kwa jicho bila mchoro. Ndiyo maana mashua kuukuu ina faida: fundi wa leo anaweza kuipima ubao kwa ubao, akaunda nyingine.

JIPIME: Mashua imekutwa kando ya mto Slaney. Chini ni bapa. Mbele na nyuma imechongoka. Ni ipi? Umejuaje?