Kumnyonyesha mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati: maswali na majibu kwa Garsen na Tana River

Kwa nini wengine hushika ziwa na wengine hushindwa?
Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito hajatimiza siku zake, lakini wiki hutofautiana. Wa wiki 36 aghalabu hunyonya, ila huchoka na kusinzia kabla hajashiba, hivyo huamshwa kila baada ya saa 2 au 3. Aliye chini ya wiki 32 hivi bado hawezi kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio. Akimiminiwa maziwa, humpalia.

Basi hulishwaje?
Kwanza kwa mpira mwembamba unaopitishwa puani au mdomoni hadi tumboni, kisha kwa kikombe kidogo. Mtoto hukalishwa wima kiasi, ukingo wa kikombe ukagusishwa kwenye mdomo wa chini, naye akaramba mwenyewe. Chupa ni ya kuepukwa, hasa kijijini ambako maji ya kuoshea hutekwa mtoni.

Maziwa yatatoka wapi ikiwa hanyonyi?
Hapa ndipo mambo huharibika mara nyingi. Ziwa lisilokamuliwa hukauka, kwa hiyo ukamuaji huanza ndani ya saa ya kwanza na kurudiwa mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Kidole gumba huwekwa juu na vingine chini, nyuma kidogo ya weusi wa chuchu. Ziwa husukumwa kuelekea kifuani, kisha huminywa. Kuvuta chuchu huleta maumivu tu. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza, hutoka kwa matone, pengine lisijaze kijiko cha chai, na jamaa hukimbilia kusema mama hana maziwa. Kwa tumbo dogo kama hilo, matone hayo yanatosha kuanzia.
Katika joto la Garsen, maziwa yaliyokamuliwa yasikae nje ya friji zaidi ya saa 4.

Maziwa ya ng'ombe, mbuzi au ngamia je?
Kwa wafugaji Waorma na Wawardei hayo ndiyo yaliyo karibu, lakini protini na chumvi zake huzilemea figo changa. Maziwa ya mama mwingine yangefaa zaidi, lakini benki ya kwanza ya maziwa ya mama nchini Kenya ilifunguliwa Pumwani, Nairobi, 2019; Garsen ni mbali nayo.

Kangaruu, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, inahitajika hata kwenye joto?
Ndiyo. Mtoto asiye na mafuta mwilini hupoteza joto hata mchana wa jua kali. Utaratibu huu ulianzia Bogotá, Colombia, 1978. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani hushauri uanze mara baada ya kuzaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku. Mtoto huvalishwa nepi, kofia na soksi tu, akafungwa kwa leso kifuani, ngozi kwa ngozi. Baba au nyanya hupokezana na mama. Akiwa hapo, mtoto hulitafuta ziwa mwenyewe, na maziwa huongezeka.

Ni lini arudishwe hospitalini?
Mara moja, akikataa kula, akiwa baridi, akisita kupumua, tumbo likivimba au akitapika kijani. Mto Tana ukifurika, kama mwishoni mwa 2023, barabara hukatika. Familia za bondeni hupanga mapema njia ya kwenda hospitali ya Hola au ya Malindi. Asiye na dalili hizo hupimwa uzito kliniki na hupewa madini ya chuma kadiri atakavyoelekeza muuguzi.