Usalama wa Kemikali Huanza Siku ya Kuagiza

Wengi wetu hudhani kwamba hatari ya kemikali huanza pale chupa inapofunguliwa maabarani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hatari hiyo huanza mapema zaidi, yaani siku mtafiti anapojaza hati ya kuagiza.

Tuchukue mfano wa etha, kiowevu kitumikacho katika maabara za vyuo vikuu kutenga mafuta yaliyomo katika mbegu na majani. Etha huchemka katika nyuzi 35 za sentigredi. Mchana wa Februari, mtaani Makorora, mjini Tanga, joto la kivulini hupita nyuzi 30. Ndani ya stoo iliyofungwa, yenye paa la mabati, huzidi hapo. Mvuke wa etha ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni mpaka ukutane na moto au cheche, kisha mwako hurudi hadi kwenye chupa. Aidha, etha iliyokaa muda mrefu huungana na oksijeni ya hewani na kufanya peroksaidi, ambazo huweza kulipuka.

Sasa tufanye hesabu. Mtafiti anahitaji mililita 50 kila wiki kwa wiki 12, yaani mililita 600. Muuzaji anamwambia kwamba pipa la lita 20 ni rahisi zaidi kwa kila lita. Akilinunua, mwisho wa utafiti atabakiwa na lita 19.4 asizozihitaji, na gharama ya kuziteketeza kwa usalama haikuandikwa katika hati ya bei. Je, amepata nafuu?

Nchi yetu imekwisha kupata fundisho kuhusu shehena isiyotumika. Mwaka 1986, shamba la Vikuge, mkoani Pwani, lilipokea msaada wa viuadudu kutoka Ugiriki, baadhi yake vikiwa vimepitwa na muda. Viliwekwa katika banda la wazi, nalo likaanguka. Miaka mingi baadaye wanakemia walipima udongo wa mahali hapo na kukuta bado una DDT. Sumu hiyo ilikutwa pia Korogwe, mkoani Tanga, palipokuwa na ghala la viuadudu. Kitu cha bure nacho kina gharama yake.

Kwa hiyo, kabla ya kuagiza, mnunuzi hana budi kuzingatia mambo haya:

1. Je, ipo kemikali nyingine yenye hatari ndogo itakayofanya kazi ile ile?
2. Kiasi gani kinahitajika, na kilichomo stoo kimehesabiwa?
3. Je, muuzaji amesajiliwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, kama itakiwavyo na sheria ya mwaka 2003?
4. Karatasi ya maelezo ya usalama, yenye sehemu 16, isomwe kabla ya kulipa, wala si baada ya ajali.
5. Nani ataisafirisha, na itawekwa wapi? Chupa ya asidi haipakiwi pamoja na abiria.
6. Tarehe ya kupokelewa na ya kufunguliwa ziandikwe kwenye chupa.

Zoezi: Pamoja na mwalimu wako, orodhesheni kemikali za maabara ya shule yenu. Zipi hazijatumika kwa miaka miwili? Elezeni kwa nini zilinunuliwa, na mngeagiza kiasi gani leo.