BIBI SI MCHAWI! Somo kutoka kwa madereva teksi wa London

Hebu fikiria hali hii. Umerudi kutoka shule, bibi anakuuliza, "Mjukuu wangu, umekula?" Unamjibu, "Nimekula, bibi." Baada ya dakika tano anauliza tena. Halafu tena. Wiki inayofuata anakwenda duka lile lile la miaka yote, anapotea njiani. Lakini mwulize habari za harusi yake! Atakueleza kila kitu, mpaka rangi ya kanga alizotunzwa. Majirani nao wameanza kunong'ona: "Yule bibi anatembea usiku. Ni mchawi yule."

Usicheke, wala usimkimbie. Huenda kuna kitu kinaharibika ndani ya ubongo wake. Ni kitu gani hicho?

Kumbukumbu hutengenezwa wapi?

Ndani ya ubongo, karibu na usawa wa masikio, kuna sehemu ndogo iitwayo hipokampasi. Unazo mbili, moja kila upande. Hipokampasi ina kazi kubwa mbili. Kwanza, hutusaidia kutengeneza kumbukumbu mpya. Pili, hutusaidia kujua tuko wapi na njia ya kurudi nyumbani ni ipi. Kumbukumbu nyingi za zamani zimekwisha kujikita katika sehemu nyingine za ubongo.

Sasa umeanza kuelewa? Hipokampasi ikiharibika, ya leo hayashiki, lakini ya zamani yanaweza kubaki muda mrefu.

Mama aliyepiga picha ubongo wa madereva

Eleanor Maguire alizaliwa Dublin, Ireland. Alikuwa mtaalamu wa ubongo katika chuo cha University College London, Uingereza, na alifariki Januari 2025. Alijiuliza swali rahisi: je, ubongo wa mtu mzima unaweza kubadilika kwa sababu ya kujifunza?

Hakwenda mbali. Aliwaangalia madereva teksi wa London. Ili kupata leseni, lazima wakariri mitaa kama 25,000 ya jiji lile, na kujifunza huko huchukua miaka mitatu, minne, au zaidi. Si mchezo!

Maguire na wenzake waliwapima madereva 16 kwa mashine ya MRI. Mashine hii hutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio kupiga picha za ndani ya mwili. Haikati, haichomi, na haina mionzi kama eksirei. Unalala tu kimya ndani ya tundu kubwa, nayo inapiga kelele.

Majibu yalitoka mwaka 2000. Sehemu ya nyuma ya hipokampasi ya madereva ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine. Na kadiri dereva alivyofanya kazi hiyo miaka mingi, ndivyo ilivyozidi kuwa kubwa.

"Ngoja kwanza," utasema. "Labda walizaliwa hivyo!" Swali zuri. Maguire naye alilifikiria. Mwaka 2006 yeye na wenzake waliwalinganisha madereva teksi na madereva wa mabasi, ambao hupita njia ile ile kila siku. Wa mabasi hawakuwa na badiliko hilo. Kisha mwaka 2011 ilitoka kazi nyingine. Watu 79 walipimwa kabla ya kuanza kujifunza mitaa, na hawakuwa tofauti na wengine. Baada ya miaka 3 hadi 4, waliofaulu walikuwa 39. Hao ndio hipokampasi zao zilikuwa zimeongezeka. Za walioshindwa hazikuongezeka.

Kwa hiyo ubongo si jiwe. Unabadilika kwa kazi unayoupa.

Ugonjwa unapoingia

Ugonjwa wa Alzheimer ndio chanzo kikubwa cha demenshia, yaani kupungukiwa akili na kumbukumbu kunakosababishwa na ugonjwa. Hipokampasi ni miongoni mwa sehemu zinazoharibika mapema, na katika picha za MRI huonekana imesinyaa. Ndiyo maana mgonjwa husahau mambo mapya na kupotea njia.

Usidhani ni ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 2010 watafiti waliwapima wazee wa miaka 70 na zaidi katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Kama 6 kati ya kila 100 walikuwa na demenshia. Je, hao wote ni wachawi? Hapana bwana! Ni wagonjwa, na katika nchi yetu wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi.

Wewe kijana ufanye nini?

• Mshauri mzazi ampeleke bibi au babu hospitali. Usahaulifu mwingine hutokana na upungufu wa vitamini, sonona au dawa anazotumia, na huo unatibika. Alzheimer bado haina dawa ya kuiponya, lakini matunzo husaidia sana.
• Akirudia swali, mjibu kwa upole. Usimwambie, "Si nimeshakwambia!" Kwake yeye, ndiyo mara ya kwanza kuuliza.
• Asitoke peke yake. Mwambie mwenye duka na majirani kwamba anaumwa.
• Ukisikia neno "mchawi", usinyamaze. Eleza ulichosoma hapa.
• Tunza ubongo wako. Mwaka 2024 jopo la wataalamu lilieleza kwamba karibu nusu ya demenshia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Baki shuleni, fanya mazoezi, usivute sigara, vaa helmeti kwenye pikipiki. Wazazi nao wapime presha na kisukari.

JIPIME
1. Kwa nini bibi anakumbuka harusi yake lakini hakumbuki kama umekula?
2. Kwa nini Maguire aliwahitaji madereva wa mabasi?
3. Jirani anasema bibi yako ni mchawi. Utamjibu nini?

Jadilini darasani, halafu leo jioni kaa na bibi. Akikuuliza mara ya nne kama umekula, mjibu tena: "Nimekula, bibi. Ahsante."