Moyo wa Mama Baada ya Mshtuko

Mgonjwa wa mshtuko wa moyo akiruhusiwa kurudi nyumbani, watu humshukuru Mungu na kudhani yamekwisha. Hapana. Sehemu ya msuli wa moyo iliyokosa damu hufa ikabaki kovu, na kovu halisukumi damu. Sehemu iliyobaki ikielemewa, moyo hushindwa kazi: maji hujaa kwenye mapafu, miguu huvimba.

Jambo hili huwapata wanawake zaidi. Katika jimbo la Alberta, Kanada, watafiti walichunguza kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 45,000 waliolazwa kwa mshtuko wa kwanza kati ya mwaka 2002 na 2016. Kwa mshtuko mkali, yaani mshipa unapoziba kabisa, hatari ya moyo kushindwa kazi au kufariki ndani ya miaka 5 ilikuwa kubwa zaidi kwa wanawake kuliko wanaume kwa takriban asilimia 20.

Ni kweli, wanawake hao walikuwa wamewazidi wanaume umri kwa miaka kama 10, na wengi tayari walikuwa na presha au kisukari. Lakini hata hayo yalipozingatiwa, tofauti ilibaki. Na kuna hili linalouma: katika kila wanawake 100, ni 73 hivi walioonwa na daktari bingwa wa moyo wakiwa wodini, kwa wanaume ni 84. Hata dawa za kutuliza mapigo ya moyo na za kupunguza lehemu, wanawake waliandikiwa kwa uchache. Umri hatuwezi kuurudisha nyuma. Dawa na daktari tunaweza kuvidai.

Kwa hiyo mama, kabla hujatoka wodini uliza: moyo wangu umepimwa kwa ultrasaundi? Nguvu yake imebaki kiasi gani? Dawa hizi nameza hadi lini? Kliniki narudi lini? Usiache dawa kwa kuwa unajisikia nafuu.

Nyumbani, jipime uzito kila asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya chai, uandike. Bonyeza kifundo cha mguu kwa kidole: shimo likibaki, ni maji. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, au ukihitaji mito ya ziada ili upate pumzi usiku, usiseme ni uchovu wa kazi za nyumbani. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukikosa pumzi ghafla au kifua kikibana, ondoka saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.