Kukubaliana kwa Maana Ile Ile: Lugha ya Masharti ya Vitu vya Hatari katika Mikataba ya Uchukuzi, Ngara na Biharamulo

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili tatizo la kiistilahi na kisarufi linalojitokeza pale mkataba wa uchukuzi unapokataza kubeba silaha, vilipuzi na vitu vingine vya hatari. Eneo linaloangaliwa ni barabara itokayo Nyakanazi na Lusahunga, wilayani Biharamulo, hadi Rusumo, wilayani Ngara. Malori ya mizigo ya kawaida yamepita huko pamoja na yale ya misaada ya wakimbizi. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania (Sura ya 345) kinaeleza kwamba watu huwa wameridhiana wanapokubaliana juu ya jambo lile lile kwa maana ile ile. Kifungu hicho ni cha wanasheria, lakini swali linalotokana nacho ni la mwanaisimu: maana hiyo imebebwa na neno gani?

2.0 Silaha na kifaa

Mnamo tarehe 28 na 29 Aprili 1994, zaidi ya watu 200,000 waliokimbia Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi na kuingia Ngara. Walitakiwa kuacha silaha zao mpakani, na malundo ya mapanga na mikuki yakabaki kando ya barabara. Bunduki haikuhitaji fasili. Panga lilihitaji. Katika kaya za pande zote mbili za mto Kagera, panga hukata kuni, hupogoa migomba na kuchonga nguzo za nyumba. Kinyarwanda kina umupanga, na kina pia umuhoro wenye ncha iliyopinda, na vyote viwili ni vya shamba kabla ya kuwa vya kitu kingine. Katika majuma yale, vifaa hivyo hivyo vilikuwa vimetumika kuua watu.

Ni dhahiri basi kwamba neno silaha halitaji umbo la kitu, bali hutaja matumizi yake, au hata nia ya aliyekishika. Mlinzi wa mpaka alikuwa na sababu nzito ya kulichukua neno kwa upana wake wote. Mkataba, kwa upande mwingine, husomwa pale ugomvi unapokuwa umekwisha kutokea. Sharti lisemalo "silaha ya aina yoyote" linamwacha njia panda dereva mwenye panga la kukatia matawi, yale ambayo huwekwa barabarani kuwaonya wengine gari linapoharibika. Amevunja mkataba au hakuuvunja? Jibu linategemea anayesoma, na mara nyingi anayesoma ni yule anayetaka kumwachisha kazi. Sharti bora lingetaja bunduki, risasi na mabomu kwa majina, kisha lieleze panga na shoka viwekwe wapi ndani ya gari.

3.0 Tatizo la neno dawa

Istilahi vitu vya hatari ina udhaifu wa namna nyingine. Utaratibu wa Umoja wa Mataifa hugawa mizigo ya hatari katika madaraja 9, kuanzia vilipuzi. Dereva hahitaji kufundishwa kwamba baruti na petroli ni hatari. Lakini unga wa klorini, ambao hutumika kusafishia maji kambini, kwa Kiswahili cha kila siku ni dawa ya maji. Sumu ya kuulia wadudu shambani ni dawa ya pamba. Dawa ni neno la uponyaji, na kinachoitwa kwa jina hilo hakiogopwi. Hata hivyo unga wa klorini ukichanganyika na mafuta waweza kuwaka wenyewe, bila kiberiti. Utingo anayepanga ndoo za "dawa" kando ya madumu ya petroli hajakaidi sharti lolote alilolielewa. Neno jipya vihatarishi, linalozidi kutumiwa katika maandishi ya usalama kazini, halimsaidii, kwa kuwa nalo halimwambii ni kitu gani.

4.0 Mgodi na bomu

Katika masharti ya jumla ya mikataba ya mashirika ya Umoja wa Mataifa, mkandarasi huthibitisha kwamba hahusiki na utengenezaji wala uuzaji wa mabomu ya kutegwa ardhini. Kiingereza hutumia neno moja kwa bomu hilo na kwa mgodi. Wilayani Biharamulo, ambako mgodi wa dhahabu wa Tulawaka ulianza uzalishaji mwaka 2005, mfasiri mzembe angeweza kumfanya mchukuzi aape kwamba hana uhusiano na migodi, ilhali ndiyo inayompa riziki.

5.0 Umbo la katazo

Tafsiri nyingi za mikataba huandika "vitu vya hatari havitapakiwa". Kitenzi hiki kina kasoro mbili. Kiambishi cha wakati ujao hutabiri, hakikatazi. Katazo la Kiswahili hukaa katika dhamira tegemezi, yaani "asipakie", au katika "haruhusiwi kupakia". Pili, kauli ya kutendwa humficha mtenda. Kwenye lori kuna mwenye gari, dereva na utingo, na aghalabu mmoja hutia sahihi, mwingine hupakia, wa tatu hupokea malipo. Sentensi isiyotaja mtenda humtupia lawama aliye karibu zaidi na mzigo.

Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, lakini mikataba mingi ya kibiashara huandikwa bado kwa Kiingereza. Kwa walioajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, humtaka mwajiri ahakikishe kwamba mfanyakazi asiyeelewa maelezo ya maandishi ya ajira yake anaelezwa kwa namna anayoielewa. Maelezo hayo yangeweza kuandikwa hivi tangu mwanzo: "Dereva asipakie, wala asimruhusu utingo kupakia, dawa ya maji ya unga pamoja na petroli, dizeli au mafuta ya aina yoyote."