Je, tunamchelewesha baba?

Binti wa Runyenjes,

Pole kwa ugonjwa wa mzee. Daktari mmoja alitaka kumpasua mara moja, wa pili akasema apate mionzi kwanza, na kaka yako aliye Meru analalamika kwamba mnamwua baba kwa kumzungusha. Naielewa hofu yake, lakini ushauri wa pili una msingi.

Saratani ya puru kama ya baba, iliyopenya ukuta wa utumbo, imekaa ndani ya nyonga, mahali pafinyu, jirani na kibofu na tezi dume. Daktari Mwingereza Bill Heald alieleza mwaka 1982 kwamba puru itolewe pamoja na mafuta yake na utando wake mzima, la sivyo ugonjwa hurudi. Picha ya MRI ndiyo huonyesha kama uvimbe umeufikia utando huo. Ukiwa umeufikia, mionzi na kemo huanza, kisu hufuata.

Basi ulizeni: je, kesi ya baba imejadiliwa na jopo? Namaanisha daktari wa upasuaji, wa saratani, wa mionzi, msoma picha na mpima kipande cha nyama wakiwa juu ya faili moja. Kama bado, ombeni rufaa Hospitali ya Kenyatta au ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambako mionzi ipo. Kemo anaweza kuipata Embu au Meru. Malipo yake ya bima ya afya ya SHA yakamilisheni mapema.

Mionzi huchukua siku 5, au wiki 5 hivi, kisha hupita wiki kadhaa uvimbe ukisinyaa. Kungoja huko ni tiba. Ninachokiogopa mimi ni kungoja bila tarehe. Faili libebe wewe, na usitoke kliniki bila kujua hatua inayofuata ni lini na nani anaisimamia.

Kabla ya upasuaji, baba avae suruali na mshipi wake wa kila siku. Kama atawekewa mfuko wa choo tumboni, muuguzi atie alama kwa kalamu mzee akiwa ameketi, kisha akiwa amesimama, mshipi usije ukaukalia. Mfuko unaovuja humfungia mtu chumbani. Tena mishipa ya fahamu ya mkojo na ya unyumba hupita kando ya puru, na upasuaji unaweza kuigusa. Hayo hatayauliza mbele yako. Kaka yako aingie naye kwa daktari.

Tumbo likijaa, akashindwa kutoa hata hewa, msingoje jopo. Mkimbizeni hospitali usiku huo huo.